Mawe Manne ya Bangili ya Mama Elia

Endagikot, Mbulu, jioni

Yasinta mwanangu,

Umekwenda kijijini Daudi kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Kesho asubuhi gari la wakwe zako kutoka Mogitu linakuja kukuchukua. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku lako, chini ya vitenge. Usiisome njiani. Isome ukishatulia kwako, mumeo akiwa hayupo.

Mambo ya jikoni na ya kuwaamkia wakwe siyaandiki. Shangazi zako wamekuchosha nayo kwenye kicheni pati, na wewe mwenyewe umekaa Mogitu miaka miwili ukifundisha, unawajua watu wa kule kuliko sisi wote. Nataka kukueleza habari ya bangili. Juzi uliniuliza iko wapi, nikakujibu iko kwa mama mkwe wako. Ukanitazama, hukuuliza tena. Nilishukuru kwamba hukuuliza, halafu nikaanza kuogopa kwamba hukuuliza kwa sababu ulikuwa umeshajua.

Mimi ni mtu mwenye wivu. Hilo huhitaji kuambiwa, umelelewa nalo ndani ya nyumba hii. Lakini hujui kwamba kazi yangu yote hii ya mapambo ya zamani, ambayo ndiyo imekusomesha, ilianzia kwenye wivu, na wewe ulikuwepo, ingawa huwezi kukumbuka.

Ilikuwa ubatizo wako. Mama yako mdogo Felista alikuwa ameolewa Arusha, na tulisikia anakuja na mkufu wa dhahabu aliopewa na mumewe. Mimi wakati huo nilikuwa nauza mitumba. Siku ya mnada wa Katesh kijana mmoja akanionyesha mkufu wa mawe mekundu. "Rubi hizi, mama," akasema, "zilikuwa za mke wa mzungu wa zamani." Akanigeuzia kifungo nikaona alama ndogo imepigwa pale. Sikuweza kuisoma, lakini kuona tu kwamba kuna alama kulinitosha. Nikambadilishia kwa koti zuri kuliko yote niliyokuwa nayo kwenye belo.

Nikauvaa kanisani nikiwa nimekupakata. Felista alikaa benchi la mbele na mkufu wake, na mimi niliona anautazama wangu. Nilifurahi sana, nikasahau mtoto. Wewe ulikuwa umeyaingiza yale mawe mdomoni unayanyonya. Padri alipokaribia na maji, bibi yako akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto anatoka damu." Kidevu chako chote kilikuwa chekundu, na nguo nyeupe ya ubatizo, aliyoishona bibi huyohuyo, ilikuwa nyekundu mpaka tumboni. Padri akasimama na maji mkononi. Watu wakaanza kuinuka. Ni Felista aliyechukua leso yake akakufuta, akatazama leso, akatazama shingo yangu.

"Dada," akasema, "ni shanga zako."

Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Hukuumwa, lakini siku kadhaa nilikuwa nakuamsha ili nikuone unapumua. Nilipotulia nikapanda gari mpaka Babati, kwa sonara mmoja mzee aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, Mzee Saidi. Nilitaka aniambie nimeibiwa, nipate wa kumlaumu. Akachukua pamba, akaidondoshea dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akasugua jiwe moja. Pamba ikawa nyekundu. Chini ya rangi lilikuwa jiwe jeupe tu lisilo na thamani, limechemshwa kwenye rangi.

"Na alama ya kwenye kifungo?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya kweli. Kifungo ni fedha. Wamekitoa kwenye mkufu mwingine. Alama inakueleza habari ya chuma, mama. Jiwe halipigwi muhuri."

Nikarudi kwake tena, na tena, mpaka akazoea kuniwekea kigoda. Aliyonifundisha ndiyo niliyokufundisha wewe hapa mezani. Kwamba 925 ni fedha na 750 ni dhahabu nzuri, na kwamba herufi za GP maana yake imechovywa dhahabu juu tu, hata ing'ae vipi. Kwamba pembeni ya namba huwa kuna alama ya mtu aliyeitengeneza, ndege au nyota au herufi za jina lake, na hiyo ndiyo ya kuitafuta, maana namba kila mtu anaweza kuipiga. Kwamba alama iliyopigwa kwa nyundo ina kingo kali na sakafu iliyobonyea, na ile iliyomiminwa pamoja na pete ni butu kama sabuni iliyotumika. Wewe ulisoma 925 kabla hujaweza kusoma neno mama. Ulikuwa unakaa mapajani mwangu na lenzi jichoni, jicho la pili umelifumba kwa mkono, na mimi nilijiambia: huyu ni wangu. Mwalimu atakuja, mume atakuja, lakini jicho hili limetoka kwangu.

Sasa uone kwa nini Mama Elia, huyo mama mkwe wako, alinishinda.

Ulipopangiwa shule ya Mogitu ulinipigia simu kila jioni, na kila jioni ulikuwa na habari ya mama mmoja jirani anayekuletea maziwa. Nilimshukuru Mungu, mtoto wangu amepata mtu. Kisha ukaanza kusema "mama amenifundisha kutengeneza kibuyu cha maziwa", na ilinichukua muda kuelewa kwamba huyo mama si mimi. Ulipokuja likizo ulikuwa unacheka kwa namna mpya, unaanza kimya halafu bega linatikisika. Nilipokutana naye mara ya kwanza nikaona bega lake. Wakati huo Elia, mwanawe, ulikuwa hata hujamtaja. Wengine wanasema binti anachukuliwa na mwanaume. Mimi niliona wangu akichukuliwa na mama wa mwanaume, mwanaume akafuata nyuma.

Zile hereni nilizokuvalisha siku ya sendofu nilizitunza tangu ukiwa darasa la tatu. Zilitoka kwenye belo la mabegi ya ngozi, zimenasa kwenye kitambaa cha ndani, na nilipoona 750 na ile alama ya jani pembeni yake nilikaa chini palepale mnadani. Watu wengi walizitaka. Nilisema ni za mwanangu. Na kweli ulizivaa, ukalia, ukanikumbatia. Kisha Mama Elia akaingia na watu wake, akavua bangili mkononi mwake, ile ya fedha yenye mawe matano ya buluu, akakuvisha. Mpiga picha akawaita. Ukajitazama kwenye simu, ukashika masikio.

"Mama, hazioani," ukaniambia, ukazivua ukanipa nizishike.

Hukufanya vibaya, hazikuoana kweli. Lakini kwenye picha zote za siku ile, ukitazama vizuri, mimi nimekunja ngumi moja. Hereni zilikuwa ndani yake.

Baada ya sherehe uliniachia bangili kwa sababu jiwe moja lilikuwa linacheza. Ulisema, "Mama, nibanie." Nikangoja utoke nyumbani. Nikaweka lenzi, na nilichoomba wakati ule sikijui kwa jina lingine: niliomba iwe ya uongo. Nikaigeuza. Ndani yake kumepigwa neno la fedha safi, herufi kali kabisa, na chini yake mshale mdogo wenye herufi moja. Ni kazi ya mkono ya fundi wa mbali. Ilinichoma. Nikahamia kwenye mawe. La katikati lilikuwa feruzi ya kweli, buluu isiyo sawa, na mistari myeusi imezama kidogo ndani ya jiwe. Yale manne ya pembeni buluu yake ilikuwa sawa kila mahali, ila kwenye nyufa ilikuwa imejikusanya nzito, na mistari yake ililala juu kama ya kalamu. Nikachukua pamba na dawa, nikagusa ukingoni.

Pamba ikawa ya buluu. Nikafurahi, Yasinta. Nilifurahi kama siku ile kanisani kabla bibi yako hajasema neno lake.

Kesho yake nilimwambia baba yako nakwenda mnadani. Nikapanda gari la Dareda, nikashuka, nikapanda la Katesh, nikashuka Mogitu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Mama Elia nje na wifi zake wawili wanachambua maharage. Nikamwamkia wifi mkubwa, wakanipa kigoda, wakanipa maziwa. Nikayanywa yote. Kisha nikaweka bangili juu ya kitambaa, na ile pamba pembeni yake.

"Mama Elia," nikasema, "haya mawe uliyomvalisha mwanangu mbele ya watu ni ya kutiwa rangi. Manne. Pamba yenyewe hii."

Akaitazama pamba. "Najua," akasema.

Nikafikiri hakunielewa. Nikaanza kumweleza habari ya nyufa. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Najua, Mama Yasinta. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwa wazungu wa mashamba ya ngano. Yule mama mzungu alipokuwa anaondoka aliivua mkononi mwake akanivisha. Baadaye niliivua nikikamua, nikaiweka chini, ndama akaikanyaga. Manne yalisagika. Fundi akaniambia mawe ya kweli hana, ana haya ya rangi. Nikamwambia weka. Nimeyavaa tangu Elia hajazaliwa."

"Na Yasinta umemwambia?"

"Ndiye aliyeniambia mimi. Siku ya kwanza kabisa alipokuja hapa, aliushika mkono wangu akasema, mama, hili la katikati ndilo, haya mengine yametiwa rangi. Nikamwambia habari ya ndama, tukacheka mpaka baba yake Elia akatoka kutuuliza."

Nilikaa pale na pamba yangu. Kwa mawe nilikuwa nimesema kweli, na kweli hiyo haikunisaidia kitu.

Ningenyamaza hapo. Sikunyamaza. Nilisema mwanangu hakulelewa kuvaa vitu vya rangi, na wifi mkubwa akaacha kuchambua maharage.

"Umebadilisha magari kutoka Mbulu kuja kuniambia hilo?" Mama Elia akauliza. Sauti yake haikupanda. "Unafikiri wewe peke yako ndiye unaona wivu? Huyo binti akikaa hapa ni mama alisema, mama alinifundisha, mama hafanyi hivyo. Akinisaidia kupika anaonja kwanza chumvi, aone kama ni ya mama yake. Hata saa ya baba yake Elia aliigeuza nyuma atafute alama ya mtengenezaji. Miaka miwili nimekaa na wewe ndani ya nyumba yangu, na sikuja kwako kulalamika."

Nikanyoosha mkono kuchukua bangili.

"Iache hapo," akasema. "Nitampa mwenyewe."

Nikaaga. Hakuna aliyeinuka kunisindikiza, hata mtoto. Unajua maana yake. Nilitembea peke yangu mpaka barabarani, na wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walinitazama, wakaona mgeni wa makamo anaondoka kwenye boma la watu bila mtu pembeni.

Ungesema ndani ya gari nilijaa aibu. Aibu ilikuja baadaye. Kwanza nilijaa wivu kuliko nilivyokwenda nao. Uliyaona yale mawe ukamwambia yeye. Nilikupa jicho, ukaenda kucheka nalo kwenye boma la mtu mwingine, na mimi hukuniambia. Nilipita Dongobesh ndipo nikawaza jambo lingine: wewe uliyajua kwa kutazama tu, mkono wa mtu ukiwa kwenye mwanga wa jua. Bila lenzi. Mimi sikuridhika mpaka nilipotia pamba dawa. Nikajikuta natabasamu kwenye gari kama mjinga, na aliyekaa pembeni yangu akasogea mbali.

Tangu siku ile nilikuwa naogopa simu. Nilifikiri mama mkwe wako atamwambia Elia, Elia atamwambia baba yake, na wewe utaolewa kwenye nyumba ambayo mama yako ameitia doa kabla hujaingia. Nilitaka kumpigia, sikujua nianze wapi. Kila ulipopita hapa mezani nilikuwa najifanya natafuta kitu kwenye droo.

Leo mchana, umeondoka tu kwenda Daudi, nikasikia bodaboda imesimama. Ni yeye. Ameshuka na kibuyu cha maziwa ya mgando, shuka lake limejaa vumbi. Tukasalimiana. Hakukaa mahali nilipomwonyesha, alikaa hapa, kwenye kiti chako.

"Jiwe bado linacheza," akasema, akaitoa bangili kwenye kitambaa. "Fundi wa Katesh atalivunja. Bana wewe."

Nikawasha taa ya mezani nikaanza kazi. Ukingo wa fedha ni laini, unausukuma kidogokidogo kwa chuma butu, ukizungukia. Nikafika nusu.

"Siku ile nilikuja vibaya," nikamwambia.

"Ulikuja vibaya," akasema.

Nilipomaliza nikamwambia ninazo feruzi mbili za kweli nilizozitoa kwenye hereni mbovu, ndogo lakini zitaingia, na mbili nyingine naweza kuzitafuta taratibu.

"Muulize mwenye bangili," akasema.

Basi nakuuliza. Ukitaka nitaziweka. Ukitaka zibaki za rangi, zibaki, ila usiogeshe mtoto ukiwa umeivaa, na usiifute na dawa ya kucha hata siku moja.

Kisha akaomba lenzi. Nikamshikisha, nikamwonyesha kusogeza bangili jichoni na si kichwa kwenye bangili. Alihangaika, akafumba jicho lisilotakiwa, akacheka bega likatikisika. Alipouona ule mshale akaacha kucheka.

"Hiki ni nini?"

"Ni alama ya aliyeitengeneza."

"Ni mtu?"

"Ni mtu. Alikaa mahali na nyundo, akaupiga huo mshale kwa mkono wake ili ijulikane ni yeye."

"Nimeivaa ujana wangu wote," akasema, "sikujua kuna mtu humu."

Akaomba kuona na hereni zako, nikampa. Akatafuta alama mwenyewe, akaipata, akasema, "Jani." Niliona amefurahi, na nilifurahi naye. Wakati uleule nikawaza kwamba sasa nimemfundisha na yeye, na mtakuwa mnakaa wawili kule mnatazama alama bila mimi. Naona hata nikizeeka sitapona.

Bangili amerudi nayo, atakupa mwenyewe kama alivyosema. Nimemsindikiza mpaka barabarani. Nilihakikisha majirani wametuona. Tulipokuwa tunangoja pikipiki akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Akijaliwa mtoto wa kwanza, atakuja kujifungulia kwako?"

"Ndivyo ilivyo," nikamwambia. "Mtoto wa kwanza ni kwa mama yake."

"Njia ni mbaya wakati wa mvua. Na hospitali ya Katesh iko karibu na kwangu."

Tukabishana kidogo, kwa adabu. Pikipiki ikaja, akaondoka, hatukukubaliana. Nimerudi hapa nikakaa kuandika, na nimeiandika barua nzima nikiwa nalifikiria jambo hilo. Ana haki, mwanangu. Mvua zikianza, mwenye tumbo hapitishwi njia ile. Uchungu utakushikia Mogitu, na atakayekushika mgongo ni yeye. Mimi nitapigiwa simu. Nitapanda gari la kwanza, nitashuka Dareda, nitasimama barabarani nikiangalia kila gari linalotoka Babati, na nitafika nimechelewa. Nitamkuta amekwisha kumpakata mtoto. Najua jinsi atakavyokuwa amempakata. Nitasalimia, nitanawa mikono, nitakaa chini nisubiri zamu yangu.

Mama yako